Dola 8,000 za kufungua kabine, na karatasi aliyosaini Mama

Tangu nipigilie kibao cha jina langu kwenye mlango wa kabine, ofisi yangu ya uwakili, vijana wa staji, mawakili wanaojifunza kazi, hunisimamisha kwenye ngazi za mahakama hapa Lubumbashi, na swali ni lile lile: "Maître, ile feza ya serikali uliipata namna gani?" Huwa najibu nikitembea, maana jibu ni refu na jaji hasubiri. Leo umeme umekatika tangu asubuhi, mteja wa saa 9 hakuja, na betri bado ina nguvu. Acha niseme yote.

Kwanza, haikuwa feza ya serikali. Aliyekopesha ni taasisi ya kawaida ya mikopo, yenye madirisha, walinzi na foleni. Serikali iliingia kwa nyuma: mfuko wa garanti uliiandikia taasisi kwamba nikishindwa kulipa, utabeba nusu ya hasara. Uliiandikia taasisi. Mimi haukuniandikia kitu. Tofauti hiyo naweza kumweleza mteja kwa dakika 5, kwa sababu mikataba ya dhamana nimeiandika tangu nikiwa staji. Lakini zamu yangu ilipofika, niliyasikia maneno "garanti ya serikali" jinsi mtu mwenye njaa anavyosikia harufu ya sombe kwa jirani. Nikadhani nimekaribishwa.

Ilikuwa mwaka 2022. Nilikuwa nimeshamaliza miaka 2 ya staji, jina langu liko kwenye tablo (orodha) ya Baro, chama cha mawakili, na kwa miaka 4 nilikuwa nafanya kazi katika kabine ya Patro, mkubwa wangu wa kazi: mawakili 6, meza 3. Sikuondoka kwake kwa ubaya. Ila mjane anapokuja kueleza jinsi shemeji zake walivyombebea mpaka masufuria, hawezi kueleza mbele ya watu 6 wanaotafuna karanga. Nilitaka chumba chenye mlango unaofungwa. Hayo tu.

Redio wakati huo zilikuwa zimejaa ujasiriamali. Kulikuwa na PADMPME, mradi wa biashara ndogo na za kati wa dola milioni 100 za Benki ya Dunia, uliofanya shindano la mipango ya biashara Kinshasa, Matadi, Goma na hapa kwetu. FOGEC, mfuko wa serikali wa kudhamini mikopo ya wajasiriamali, ulikuwa bado mchanga. Wazee walitaja FPI, mfuko wa serikali wa 1989, lakini ule ni wa viwanda. Mifano niliyoisikia ilikuwa mashine ya kusaga mahindi, ushonaji, kuku wa nyama. Wakili hakutajwa hata siku moja, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Nilijua kwa nini siku ya kwanza mbele ya ajenti wa krediti, kijana mpole mwenye shati jeupe. Aligeuza fomu kunielekea, akaweka kidole kwenye sanduku moja: namba ya RCCM.

"Sina," nikasema.

"Utaipata lini, Maître?"

"Sitaipata."

RCCM ni rejista ya biashara ya OHADA, zile sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo Kongo inazifuata tangu Septemba 2012. Mwenye duka anayo, mwenye kampuni anayo. Wakili si mfanyabiashara. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inayosimamia Baro inasema kazi yetu haipatani na biashara. Kwa hiyo fomu ilinitaka niwe mfanyabiashara ili nipewe mkopo wa kufanya kazi inayonikataza biashara. Ajenti alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akasema kompyuta haipokei sanduku tupu.

Ushauri wake ulikuwa mwepesi: niende kwenye Guichet unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara, niandikishe "nyumba ya ushauri" kwa jina langu, nirudi na namba. Sitadanganya, nilikaribia. Hata jina la hiyo nyumba nilikuwa nimeshachagua. Nilipomweleza Patro alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Ukiingia kwa mlango wa duka," akasema, "Batonie atakutolea kwa dirisha." Batonie ndiye mkuu wa Baro. Nikaacha.

Zilipita wiki 7. Nilipeleka hati ya Baro, namba ya kodi, hesabu za akaunti yangu za miezi 12, na barua ya kurasa 3 yenye vifungu vya sheria ambayo sidhani kuna aliyeisoma. Kilichofungua njia si barua. Katika ofisi yao ya sheria alikaa mtu tuliyesoma naye UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaandika mistari 2 juu ya faili langu, na lile sanduku likakubali kubaki tupu. Ningependa kusema hoja zangu ndizo zilizoshinda.

Katikati ya hayo, ajenti aliomba pia barua ya ruhusa ya mume wangu. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya familia ilibadilishwa Julai 2016, na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena idhini hiyo. "Najua, Maître, ni mazoea tu." Nilikataa siku nzima. Jioni mume wangu aliiandika mwenyewe mezani, dakika 2, ili tusonge mbele. Niliipeleka. Wanawake ninaowatetea sijawaambia hilo.

Halafu mpango wa biashara. Kulikuwa na ukurasa wa "namna ya kutafuta wateja", na wakili hatafuti wateja: hapigi matangazo, hagawi vikaratasi sokoni, hamvizii mtu hospitalini baada ya ajali. Anabandika kibao na kungoja. Niliandika: "Kufika mapema na kushinda kesi." Ajenti akacheka, akaniomba nijaze kitu kingine. Ukurasa uliofuata ulitaka mapato ya kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, nikaandika dola 1,200 kuanzia mwezi wa kwanza, kwa sababu ndiyo hesabu iliyofanya mkopo upite. Uongo huo niliuandika kwa mkono wangu na hakuna aliyenilazimisha.

Sasa nifike kwenye karatasi yenyewe.

Mfuko wa garanti ulikuwa unabeba nusu. Kwa nusu nyingine taasisi ilitaka kitu cha kushika. Marehemu Baba alituachia parseli, kiwanja cha hapa mjini, mtaa wa Katuba, nyumba ya vyumba 4 na mwembe, lakini karatasi yake ni ile livret de logeur ya zamani, karatasi ya haki ya kukaa tu, kwa jina lake. Sheria ya ardhi ya 1973 inataka cheti cha usajili, na bila cheti hakuna rehani. Livret haikushika kitu. Basi wakaomba mdhamini mtu, na katika ukoo wetu mtu aliyejulikana vizuri kwa taasisi hiyo alikuwa Mama. Anauza vitenge soko la Mzee Kabila, na alikuwa ameweka akiba kwao kwa miaka 11 bila kukosa juma hata moja.

Dhamana ya mtu, kwa sheria ya OHADA, haikubaliki kwa saini peke yake. Mdhamini anatakiwa aandike kwa mkono wake kiasi cha juu anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Ni kifungu kizuri, kimewekwa ili mtu asisaini usingizini. Nimewahi kukitumia kuvunja madai dhidi ya mzee mmoja ambaye benki ilimwandikia kila kitu kwa mashine. Siku ile nilikaa upande wa pili wa kifungu hicho.

Mama alisoma kwa masista mpaka darasa la tano. Mwandiko wake ni wa kuunganisha, mzuri kuliko wangu, ila wa polepole. Alivaa kitenge kipya kwa ajili ya kwenda kusaini. Ajenti akamwekea biki.

"Sasa, banasema niandike nini?"

"Andika hesabu, Mama. Kwa maneno, kisha kwa namba."

Nilimsomea kwa Kifaransa, neno baada ya neno: *dix mille huit cent quatre-vingts dollars*. Kwenye *quatre-vingts* akasimama.

"Hii njo ile makuta ulibeba?"

"Hapana, Mama. Mimi nimekopa 8,000. Hii ni pamoja na riba."

"Aah." Akatazama karatasi, si mimi. "Na s inabakia pa mwisho?"

"Inabakia."

Akaiweka ile s, akaandika 10,880, akasaini. Akauliza kama anaweza kwenda, kwa sababu meza yake sokoni ilikuwa imeachwa na mtoto wa jirani. Mimi ndiye wakili wa ukoo. Kama mtu mwingine angemleta Mama wangu kusaini karatasi ile, ningeuliza maswali 10. Sikuuliza hata moja. Sikumwambia kwamba dhamana ile ni ya pamoja, kwamba wakishanipa onyo nisilipe wanaweza kwenda moja kwa moja kwake bila kuhangaika na viti vyangu kwanza. Nilikuwa na haraka, chumba nilichokitaka kilikuwa na mtu mwingine anakivizia.

Hesabu nayo nilitakiwa kuifanya mapema. Riba ilikuwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 18. Nikasikia 2, nikaona ndogo. Lakini ilikuwa 2 ya zile 8,000 zote, kila mwezi, mpaka mwezi wa mwisho, hata pale deni lilipobaki dola 500. 160 mara 18 ni 2,880. Ukiihesabu juu ya deni linalopungua, inakaribia asilimia 3 na nusu kwa mwezi. Kabla ya kunipa walikata 160 za faili, 120 za garanti (ndiyo, garanti ile ya serikali niliilipia mimi), na 800 wakazifungia kama akiba mpaka nimalize. Kwenye karatasi 8,000. Mkononi 6,920. Na riba inahesabiwa kwa zile za kwenye karatasi.

Rafiki yangu mmoja wa UNILU yuko Marekani sasa, anafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Nilipomlalamikia kwa simu alinieleza habari za SBA, shirika la serikali yao la biashara ndogo, lililoanzishwa 1953. Kwa mikopo yake mikubwa nalo halikopeshi mkono kwa mkono. Benki inakopesha, serikali inadhamini: asilimia 85 kwa mkopo usiozidi dola 150,000, asilimia 75 kwa mkubwa zaidi, hadi dola milioni 5. Ofisi ya mawakili inakubaliwa kama duka lolote. Nikaona wivu. Kisha akaongeza kwamba kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara lazima asaini dhamana yake binafsi. Nikaona kumbe hata huko kuna meza na biki. Ila kule anayesaini ni mwenye biashara, na kwetu alisaini muuza vitenge.

Zile 6,920 zilienda hivi. Mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi 6 na mwezi wa kwanza juu yake, chumba cha dola 300, ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka mahakamani: 2,100. Komisioneri aliyenionyesha chumba, 300. Rangi na kufuli 180. Meza, viti na kabati 640. Mashine ya kuchapa na kunakili 550. Betri na invata 850, na hizo sizijutii hata senti. Vitabu vya sheria 200. Zilibaki 2,100, na awamu ya kila mwezi ilikuwa 604. Maana yake nilikuwa na awamu 3 na nauli. Awamu ya kwanza ilidaiwa siku 30 baada ya kupokea, kabla rangi haijakauka vizuri. Nilikopa kwa ajili ya vitu vinavyoonekana, meza na kibao, na kitu nilichokihitaji kweli, miezi ya kungoja, sikukiandika popote kwenye mpango.

Kwa sababu wateja walikuja, si kwamba hawakuja. Walikuja wajane na mashauri ya urithi, wanalipa dola 20, dola 30, na siku moja bata. Walikuja vijana wanaofungua kampuni ndogo za kuhudumia migodi, maana sheria ya Februari 2017 iliweka kazi hizo kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Hao ndio niliowategemea. Nikawaandikia katiba za kampuni na mikataba, usiku, kwa betri yangu mpya. Bei tulikubaliana. Malipo: "Mgodi ukitulipa tu, Maître." Na mgodi hulipa baada ya siku 60, siku 90, wengine mpaka ankara irudishwe mara 2 kwa sababu ya muhuri. Nilikuwa nawakopesha wateja wangu bila riba, kwa feza ya asilimia 3 na nusu. Siku hizi nusu inatangulia, la sivyo kalamu haishuki mezani.

Mwezi wa tano nilichelewa. Ajenti alinipigia simu, sauti ile ile ya upole: "Usiogope sana, Maître, mfuko upo." Nikapumua. Nilifurahi kama saa moja hivi, nikala bukari yangu vizuri, ndipo wakili aliye ndani yangu akaamka. Mdhamini aliyelipa huvaa viatu vya aliyelipwa. Mfuko ungewalipa nusu yao, kisha ungegeuka kunidai mimi. Nusu iliyobaki wangeifuata kwa Mama. Hakuna hata dola moja ambayo ingefutika. Ingebadilisha tu mdai. Nikalipa nikiwa nimechelewa siku 9, na faini ikaandikwa.

Lakini hilo si lililoninyima usingizi. Agosti 2023 nilimshindia kesi mama mmoja muuza unga wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mdaiwa wake akakubali kulipa dola 2,400. Alizituma Ijumaa jioni kwenye akaunti yangu, ile ile ya mkopo, kwa sababu nilikuwa na akaunti moja tu. Usiku mashine ikafanya kazi yake: ikachukua 604, na 33 za faini. Jumamosi asubuhi simu ilinionyesha 1,763. Sikuwa nimegusa kitu. Nilikuwa nimelala. Na hata hivyo nilikuwa nimelipa deni langu kwa feza ya mteja, jambo ambalo Baro humfukuzia mtu, na ni haki yake.

Saa 4 mama wa unga angekuja. Nilifikiria hata banque Lambert, hao wakopeshaji wa mtaani, nikakumbuka majirani walioingia huko na friji, wakatoka bila friji. Nikawapigia wenzangu wa likelemba, sisi ni wanawake 10, tunatoa dola 100 kila mwezi, na mmoja anazipokea zote kwa zamu. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya dada mmoja aliyekuwa anaijengea ukuta parseli yake Kisanga. Nilimwomba tubadilishane zamu. Alinyamaza, nikasikia nyuma yake fundi akichanganya sementi kwa koleo. "Yaya, uchukue," akasema. "Ukuta hautembei." Lakini feza yenyewe ingekusanyika Jumatatu.

Mama wa unga alipofika nilimpa 1,763 na nikamweleza sababu, yote, hata kwamba kosa ni langu la akaunti moja. Alihesabu noti mara 2, akakataa moja iliyochanika kidogo pembeni, nikambadilishia. Akasema atarudi Jumatatu saa 2, na kwamba atakuja na mwanawe wa polisi. Jumatatu saa 2 alikuja peke yake, nikampa 637 zake. Saa 3 nilikuwa kwenye taasisi nyingine kabisa nafungua akaunti ya pili, ya feza za wateja, isiyojua deni langu. Mama wa unga bado ni mteja wangu. Wa polisi sijamwona.

Baada ya hapo nilipunguza. Kijana mmoja aliyetoka tu staji alichukua kona ya chumba kwa dola 100 kwa mwezi, tukaweka pazia, na mjane akija yeye anatoka kununua mikate. Mlango unafungwa. Si ule niliouota, lakini unafungwa.

Awamu ya 18 nililipa Agosti 2024. Nilidhani mambo yameisha, lakini ile karatasi ya kumwondoa Mama ilibidi niifuate. Deni likiisha dhamana inakufa nalo, sheria iko wazi, ila mimi nilitaka maandishi. Nilikwenda mara 4. Siku waliyonipa, nilikwenda moja kwa moja sokoni. Mama alifuta mikono, akasoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea, mpaka kwenye muhuri.

"Jina yangu bameitosha?"

"Wameitoa, Mama."

Akaikunja mara 4, akaiweka chini ya rundo la vitenge anapoweka chenji. Kisha akaniambia kwamba mama wa meza ya tatu ana binti anayetaka kufungua farmasi, na taasisi inamwomba mtu wa kusaini, na amemjia yeye kwa sababu anajua alishawahi kusaini.

"Umemjibu nini?"

"Nilimwambia alete kwanza hizo makaratasi kwako."

Binti yule anakuja kesho saa 8.